Mshale Uliosimama kwenye Futi Elfu Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mwanamke, miaka 38 (jina limo kwenye jalada)
Kazi: mhandisi wa vifaa vya elektroniki vya ndege ndogo
Makazi: kwa dada yake, nyuma ya uwanja wa ndege

Kwa muda mrefu nimejiuliza: je, ni haki kukipa chombo kipya sura ya kile cha zamani, ilhali hakina tabia zake?

Shemeji, mume wa dada yangu, ni rubani mkongwe asiyeamini skrini. Nilimtengenezea kipimo cha kimo chenye uso wa kizamani, mshale na tarakimu nyeupe, lakini ndani kinaendeshwa kwa umeme. Taa ya kuonya umeme ukikatika ilikuwa haijafungwa.

"Taa itakuja, shemeji," alisema. "Leo tunajaribu kipimo, hatuendi disko."

Mnamo tarehe 9, asubuhi, tuliruka. Tukishuka ndani ya wingu, aligonga kioo cha kipimo kwa kidole. Marubani wa enzi zake hufanya hivyo kunasua mshale uliokwama. Baada ya hapo niliona mshale umesimama kwenye futi elfu mbili. Skrini ikizima, mtu huona giza. Mshale huu ulikufa macho wazi.

Masikio yangu yaliendelea kuziba. Nikasema, "Shemeji, pandisha, bado tunashuka."

"Tulia bwana, si unaona tuko juu?"

Wingu likaachia. Chini ya bawa niliona shuka zimeanikwa, na vibanio vyake. Nilipiga kelele. Alivuta usukani, lakini magurudumu yalinasa kwenye ua na tukaanguka shambani. Amevunjika mguu.

Plagi ya nyuma ya kipimo ilikutwa imechomoka. Wakaguzi wanasema ni kile kidole. Ikiwa ndivyo, atapoteza leseni. Ningefurahi kukubaliana nao, na ndiyo sababu siyaamini mawazo yangu. Huenda ilichomoka tulipoanguka, na mshale ulikuwa umekwisha kusimama kwa kasoro ya kazi yangu. Kishindo kimefuta tofauti hiyo. Dada hajaniuliza. Siwezi kuapa upande wowote.

Nimesomewa haya, na ndivyo nilivyosema.
(Sahihi ya shahidi)

Dokezo la ofisa: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Nilipokuwa nikisoma, aliniomba niache kugonga meza kwa kalamu. Niliacha.