Dada Saba wa Mzee Armas

Jumatatu, 13 Novemba 2023

Theluji tangu alfajiri. Pawa saplai yangu, kifaa cha kushusha umeme wa ukutani uendeshe mitambo, imewaka! Nikiipa volti 85 inatoa 24. Nikiipa 264, inatoa 24 zile zile. Hakuna swichi ya kuchagua — chomeka popote duniani. Laiti ingekuwa hivi mwaka 1989, nilipoiacha swichi kwenye 110 nikachomeka kwenye 220. Moshi! Mzee Armas, fundi mkuu wetu, hakunifokea. Alifungua dirisha tu, akasema sasa umeshaijua harufu yake, binti. Nilikuwa na miaka ishirini.

Jumanne, 14 Novemba

Jouni, bosi, kapita na kikombe chake cha kahawa. Mteja anataka bei ishuke tena. Toa lile bamba la alumini la kupozea joto, anasema, kompyuta imekubali. Imekubali, ndiyo — kwa upana wa unywele. Nisipotia sahihi fomu ya kuidhinisha kufikia Ijumaa hii, kazi inakwenda kwingine, na hapa karakanani tumebaki kumi na mmoja.

Nimelitoa bamba.

Jumatano, 15 Novemba

Nimekwenda kiwanda cha mbao cha mteja kupima mahali pa kuifunga. Ile aliyoiunda Mzee Armas bado iko ukutani, inaunguruma chini ya vumbi la mbao. Tangu 1987! Kilo tano za chuma na shaba. Vipimajoto tulikuwa navyo enzi zile, lakini tulichokiogopa ni kiganja chake. Alikuwa akiweka kiganja juu ya kifaa na kuwataja dada zake saba, polepole: Aino, Lempi, Hilja, Saima, Tyyne, Elvi, Martta. Ukifika kwa Martta mkono ungali pale, kifaa hicho kitadumu mpaka kikuzike. Joto likikutoa kabla, rudi mezani ukiunde upya.

Leo nimefanya hivyo. Nimefika kwa Martta, nikaanza tena kwa Aino. Machozi yakanilenga. Msimamizi akauliza, vipi, unaiombea dua? Wiki ijayo wanaing'oa, waweke yangu.

Nimezikumbuka siku zile kupita kiasi. Sijui hata nakula nini usiku huu.

Alhamisi, 16 Novemba

Naandika hapa hapa, chumbani kwa Mzee Armas kwenye nyumba ya wazee. Sikuweza kutia sahihi bila yeye. Nimekuja na pawa saplai yangu, na taa mbili za lori za kuibebesha mzigo, ifanye kazi kwelikweli.

Aliipima mkononi. "Nyepesi hivi? Chuma umekula wewe?"

Nikamweleza kwamba inakubali umeme wowote.

"Aa, haichagui chakula. Kama mjomba wangu kwenye matanga!"

Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia. Nilikuwa nammisi, na yuko mbele yangu.

Tukaiacha iwake muda wote wa kahawa na mkate wa iliki. Kisha, bila kuombwa, akaweka kiganja. "Aino. Lempi. Hilja. Saima..." Akautoa mkono.

"Ni moto, Mzee?"

Akaniangalia kwa aibu. "Anafuata nani, binti?"

Kumbe ni jina lililompotea! Siku hizi hata langu humponyoka. Nikaweka kiganja changu, nimsaidie. Aino, Lempi, Hilja, Saima. Tyyne — ikaniuma. Nikang'ang'ania. Na hapa ni volti 230 za nyumbani, kazi rahisi kwa kifaa hiki. Kwenye 85 joto huzidi.

"Endelea," akasema. Alikuwa anautazama mkono wangu, si uso. "Wamebaki wawili."

Nikautoa.

Aliinuka taratibu, akishika meza, akishika kiti, akaenda kufungua dirisha.

Fomu imo mkobani, haina sahihi. Kiganja bado chekundu. Simu inaita — Jouni. Baridi inaingia humu ndani na Mzee hataki nilifunge.