Msalaba Mwekundu Mlangoni Pangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi, maana nakuandikia huku nimeuziba mlango kwa gunia la mahindi. Mimi ni mjane, nina kibanda cha kuuza mbao soko la Kibuye, nilianza kwa kubeba kuni kichwani na hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo usinidhanie mtu wa kulilia miti, miti ndiyo iliyonisomeshea watoto. Msitu wetu wa kilimani ni wa ukoo na una kamati, na sheria ni kwamba ukikata mti mmoja unapanda miwili, nayo inafuatwa kweli, lakini wanakata mvule wanapanda mkaratusi, wanakata mkuyu wanapanda mkaratusi, mpaka ukihesabu utakuta miti imeongezeka karibu maradufu, na aina zake, ambazo nilipoolewa zilipita ishirini, sasa hazifiki nane. Mivule imebaki mitatu. Kamati inasema ile miwili ya kilimani inatosha kwa mbegu, na huu wa nyuma ya boma langu ukatwe mbao za mashua. Mshauri, ile miwili ni madume! Mvule una dume na jike, na dume hazai tunda hata ungoje miaka mia. Jike ni huu peke yake, ndiyo maana popo huujia matunda yakiiva.

Nikalisema hilo mkutanoni. Mwenyekiti, Zadock, ndugu ya marehemu mume wangu, akauliza, "Shemeji, uliufunua nguo ukaona?" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Bwana Mwenyekiti, una wake wawili na bado hujui jike?" Wakacheka zaidi. Uso wake ukabadilika. Akasema polepole, "Mwanamke mwema hafugi popo." Hapo hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo nikienda kuchota maji wenzangu wanaondoka. Dorca, jirani niliyemsaidia kujifungua, nikipita anawavuta watoto ndani. Wanasema mimi ni jajuok, mchawi, na popo ni wangu, na unajua nyumba ya anayeitwa hivyo huku huishia motoni. Jumapili nimetoka kanisani nikakuta mlangoni msalaba wa rangi nyekundu, rangi ile ile ambayo kamati hupaka mti unaosubiri msumeno. Mti wenyewe hawakuupaka.

Niwaachie wakate ili nipone? Au nikimbilie kwa binti yangu kule mjini, Nyalenda?

Mjane wa Mbao, Seme

Mama,

Barua yako imenitisha, nami si mwepesi wa kutishika. Lakini kwa msalaba wa Jumapili unaliandikia gazeti? Ulipaswa kuwa kwa chifu Jumatatu asubuhi! Na hiyo mivule iliyopita kibandani kwako, uliuliza hata mmoja kama ni dume au jike? Haya, tuyaache.

Usiufute huo msalaba. Mwite chifu auone, na mzee wa kanisa awepo. Kisha nenda Nyalenda, mchana kweupe, ukiaga kila mtu kwa sauti, wajue unarudi. Usilale tena hapo peke yako.

Kuutoa mti hakutakuokoa. Ukianguka, popo watahamia dari ya mtu mwingine, na atakayeulizwa kawatuma nani ni wewe.

Kamati iache. Nenda kwa mafundi wa mashua, wao wanajua mbao ya mkaratusi inavyopasuka majini. Fundi mmoja akisimama barazani aseme huo ndio mti wa mbegu wa wajukuu wao, atasikika pale ambapo mjane hasikiki. Na ukome kumtajia Zadock wake zake mbele za watu, hata kama ulimpata.

Mwisho, okota mbegu chini ya huo mvule, uoteshe miche kwenye makopo huko kwa binti yako. Leo mti ni wako peke yako, ndiyo maana ni rahisi kuukata pamoja nawe. Mti huo uwe na watoto katika kila boma. Mche wa kwanza mpelekee Dorca, ukiwa na mwenzako. Akiupokea kwa mikono yake, rudi nyumbani. Akiwavuta watoto ndani, geuka papo hapo, ukae Nyalenda.