Kupunga Hewa Mofu

Jumanne, 4 Septemba 1956

Tumefika Mofu, kwao mume wangu Kelestini. Mgongo wote unauma. Lori la mpunga tangu alfajiri, kisha miguu, mzigo kichwani. Kelestini mbele anapiga mbinja! Tangu tuoane namwona akivuta kamba ya pantoni pale Kivukoni, Ifakara, anarudi nyumbani amenuna, anakula, analala. Mbinja sijapata kuisikia.

Nakiri, pazuri. Pazuri mno! Mto umepungua, ukingo umebaki umesimama wima kama ukuta wa kanisa, mwekundu, na ndege keremkerem wameutoboa matundu kila mahali. Wanaingia, wanatoka, wanapiga kelele. Chini mchanga mweupe. Nyuma yetu milima ya Udzungwa. Pangefaa picha ya kalenda ya misheni.

Basi, wiki moja ya kupunga hewa. Lori linarudi Ifakara Jumatano ijayo. Jumatatu ya tarehe kumi na saba naanza mafunzo ya ukunga hospitali. Sista alisema wazi: asiyefika siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Nimemkumbusha Kelestini njiani. Akasema ndiyo, ndiyo, Apolonia, nimesikia.

Jumatano, 5 Septemba

Tumetembea mchana kutwa. Vijia viko kila upande — kimoja kinafuata ukingo, kingine kinashuka mchangani, kingine kinapanda kwenye mwinuko ambako mafuriko hayafiki. Kelestini anavijua vyote. Hapa kiboko alimkimbiza baba. Hapa nilipindua mtumbwi. Hapa usikanyage, mamba huanika mgongo. Anaongea kama redio! Kule Kivukoni neno moja humtoka kwa koleo.

Juu ya mwinuko akasimama kitambo. Unapaonaje? Nikasema hapa mtu angekaa siku zote asichoke. Akacheka peke yake, akaokota kijiti, akakivunja.

Lakini nyumbani — taabu. Mama mkwe, mama Eufrasia, hataki niguse kitu. Nikishika mwiko: acha, mwanangu. Nikishika ufagio, wifi Balbina ananinyang'anya. Maji ya kuoga naletewa. Chakula naletewa. Mgonjwa angefurahi. Mimi ni mzima! Mikono inaniwasha.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena.

Nimeteremka mchangani, nimepanda. Mto unapita, haunisemeshi. Balbina ananitania: wifi, huko Ifakara mnapika kwa mdomo? Nikamwambia lete chungu uone. Akacheka tu, chungu hakuleta.

Jumamosi, 8 Septemba

Yaliyonipata leo!

Nimeamka na hamu ya chai. Jiko la mama mkwe limejaa kambale wa kukausha, moshi hadi nje, huwezi kuona mlango. Nikasema nisiwasumbue. Nikachukua birika langu, majani ya chai na sukari yangu niliyokuja nayo, nikapanda zangu kwenye mwinuko. Upepo mzuri, mto wote unauona. Mawe hakuna nchi hii, ni udongo mtupu. Nikavunja mabonge matatu kwenye kichuguu, nikayapanga, nikawasha moto. Maji yakachemka. Nilikuwa na raha kwa mara ya kwanza tangu nije.

Balbina akapita na kuni. Akaona. Akatupa kuni chini, akaziba mdomo, akakimbia. Nikadhani nyoka!

Mara vigelegele. Mama mkwe huyo anapanda, mtu wa magoti mabovu, anapanda karibu kwa kukimbia, chungu kipya mkononi, nyuma yake wanawake na unga na kuni. Machozi yanamtoka. Amejiwekea mwenyewe! Amechagua mwenyewe! Wananikumbatia. Mimi kikombe mkononi, sijui nicheke au nilie. Kwani ni nini? Ni chai!

Balbina ndiye aliyenieleza, kwa kunong'ona, maana aliona macho yalivyonitoka. Kwao mke wa mwana haambiwi hamia. Ni aibu kumwambia. Anapikiwa, anapakuliwa, wanamsubiri achague mwenyewe pa kuweka mafiga. Akiyaweka na moto ukawaka, basi. Nyumba yake inajengwa hapo. Kwetu Mahenge mama mkwe ndiye anayekukabidhi mafiga, tena kwa ngoma na pombe. Mabonge matatu ya kichuguu ningeyajulia wapi?

Kelestini akatoka mtoni, nyavu begani. Nikamkazia macho: sema. Waambie. Akaangalia moto, akaangalia watu, akachuchumaa. Akaomba chai. Akanywa. Akasema ni tamu.

Jumapili, 9 Septemba

Sala imeongozwa na katekista, padre hayupo. Baada ya sala akatangaza kwamba Kelestini mwana wa Eufrasia amerudi nyumbani na mkewe, tumshukuru Mungu. Watu wakapiga makofi. Nikainama kama aliyesifiwa.

Nimembana Kelestini mchangani. Ulijua? Akafukia miguu mchangani. Nikamuuliza tena. Ndipo akafunguka. Hataki tena pantoni. Mabega yamekwisha. Kutwa anavusha malori ya watu wengine kwenda wanakotaka, yeye anabaki na kamba. Hapa ana mto, ana shamba la mpunga la baba yake limelala. Angeniambia. Alikuwa anatafuta siku. Kisha nikasema pale juu mtu angekaa siku zote, halafu nikaweka mafiga pale pale, akasema moyoni: Mungu amenirahisishia.

Nikasema nilisifu upepo! Nilisifu ndege! Kila anayesifu mlima anahamia mlimani?

Akasema sikuzuii, Apolonia. Ila mimi Kivukoni sirudi.

Hasira zimenipanda mpaka masikio yakaziba. Nimetembea ukingoni hadi kijia kilipokwisha, nikarudi, nikaenda tena. Nampenda huyu mwanamume, ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa simpendi ningekuwa nimeshamaliza chai yangu nikaondoka.

Jumatatu, 10 Septemba

Nguzo zimeshasimama! Shemeji Ponsiano na vijana walianza kuchimba jua halijatoka. Watu wa hapa kwa kazi ya mtu mwingine hawachelewi.

Nimemuuliza Balbina: mtu akiyavunja yale mabonge je? Akaacha kupepeta. Wifi, usiseme hivyo. Mke akivunja mafiga yake ameivunja ndoa, atarudi kwao jioni ile ile. Nikasema nilikuwa nauliza tu.

Kwa hiyo siwezi kuyavunja. Na nikiyaacha, nimehamia. Mama yangu, aliyehamia Katindiuka pale Ifakara, angecheka mpaka akae chini: Apolonia, yule asiyeweza kumaliza rozari bila kuinuka mara mbili, amejifunga mwenyewe kwa kikombe cha chai.

Zimebaki siku mbili lori lije.

Jumanne, 11 Septemba

Mficha uchi hazai. Nimekwenda kwa mama mkwe.

Nimemkuta anapara samaki. Nikapiga magoti, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikamwambia yote. Mafunzo. Tarehe. Sikujua mila yenu. Nilitaka chai.

Hakunitazama. Akamaliza yule samaki, akachukua mwingine. Kwa hiyo ilikuwa chai, akasema. Nikasema ndiyo mama. Magamba yakaruka hadi usoni mwangu, sikuthubutu kufuta.

Baadaye akasema yeye alilia mwaka mzima alipoletwa hapa. Hakuulizwa anataka wapi. Jiko lake liliwekwa bondeni na mama mkwe wake, maji yakalichukua masika ya kwanza, akabaki amepanda juu ya dungu la kulindia shamba na mtoto mgongoni. Ndiyo maana aliapa wake wa wanawe hatawachagulia. Akasema: nikakuona juu kule, pakavu, moto unawaka, nikasema huyu ana akili. Nilifurahi kwa haraka. Nisamehe.

Yeye aniombe radhi! Ningependelea anitukane. Nimelia mbele ya kambale.

Nikamuuliza nifanye nini, mama. Akasema watoto wanazaliwa Ifakara na Mofu pia wanazaliwa. Zaidi ya hapo hataki kusema, maana atakuwa amenichagulia. Kisha akanipa kisu. Mara ya kwanza wiki hii! Tukapara samaki wote.

Jumatano, 12 Septemba

Niko barabarani. Nimefunga mzigo. Wameniaga vizuri, hakuna aliyeninunia, hata Balbina, na hilo linauma zaidi. Kelestini amenibebea mzigo mpaka hapa, akaukabidhi kwa dereva, Donati, ukapandishwa juu ya magunia. Akanishika mkono. Akauachia. Akarudi kwenye ujenzi, hakugeuka.

Nitafika Ifakara usiku. Jumatatu nitakuwa nimevaa gauni jeupe. Nafsi yangu itatulia.

Lori linachemka. Donati amefungua boneti, amemtuma mtu maji mtoni. Naandika nimeegemea tairi. Kutoka hapa mwinuko wote unaonekana, wanafunga fito. Kelestini yuko juu, Ponsiano chini anamrushia kamba.

Wanaweka mlango sasa. Upande wa barabara!

Wana wazimu? Nyumba iko mahali pale halafu iupe mto kisogo? Mtu atoke asubuhi atazame vumbi?

Sikujua kama nimeshakimbia. Nimejikuta katikati ya mwinuko nikipayuka: geuzeni! Mlango uangalie mtoni! Wote wameacha kazi. Ponsiano amebaki na kamba hewani. Mama mkwe huyo! Ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, anaitikisa itoke.

Nimerudi kwenye lori, nahema, aibu tupu. Maji yameshatiwa. Injini inanguruma. Donati ananiuliza: dada, unapanda? Kelestini ameteremka kutoka juu, anakuja huku, udongo hadi magotini. Hakimbii. Donati anapiga honi.

Na dirisha je? Dirisha hawajaniuliza —