Baba Mkwe Anadhani Ni Yeye Aliyemuua Chiriku

Mpendwa Shangazi, nakuomba msaada na nakuomba usinicheke, maana ukisikia mtu mzima ameshindwa hata kula kwa sababu ya ndege asiyefika ukubwa wa ngumi ya mtoto utadhani nakupotezea muda, lakini ndege huyo amekufa kwa mkono wangu na anayehukumiwa ni mtu mwingine, na hukumu yenyewe inatekelezwa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu huku mimi nimekaa kimya kama niliyeshonwa midomo.

Nina miaka mitano kwenye ndoa, na mimi na mume wangu tunaishi nyumbani kwa baba mkwe, ambaye ni fundi saa. Meza yake ya kazi iko chini ya dirisha la sebule, na mpaka leo watu wanamletea saa zilizoshindikana kwingine. Mama mkwe alipofariki miaka mitatu iliyopita alimwachia chiriku wa manjano, kwenye tundu lililotundikwa ukumbini, hatua tatu kutoka mlango wa jikoni. Kila asubuhi mzee akishanawa uso anambadilishia ndege maji kabla yeye mwenyewe hajagusa chai, kisha anapiga mluzi, ndege anajibu, anapiga tena, anajibiwa tena, mpaka mume wangu anapaza sauti kutoka chumbani, "Jamani, hao wazee wawili hawana mada nyingine?" na sote tunacheka.

Mimi nafinyanga mapambo kwa udongo wa polima, ule laini kama plastisini ambao ukishauunda unauoka kwenye oveni ndipo unakuwa mgumu. Kinachopendwa zaidi ni viota vya ndege vya kuweka mezani. Udongo nausukuma kwenye bomba la sindano lililotolewa sindano, unatoka nyuzi nyembamba za kahawia, nazizungusha juu ya bakuli la chuma lililopinduliwa, naziparua kwa mswaki wa zamani zifanane na nyasi kavu, halafu mayai matatu ya bluu nayarushia madoa ya rangi. Watu wakiona wanainama kuchungulia kama kuna kinda. Naringa kidogo, nisamehe, ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

Mume wangu alikubali nitumie oveni ya nyumbani kwa masharti mawili, madirisha yote yawe wazi na tundu lipelekwe nje barazani kwanza, kwa sababu pakiti ya udongo imeandikwa kabisa kwamba ukizidi joto unaungua na moshi wake ni mbaya. Nilikubali, na kwa miaka miwili nilifuata.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, upepo unarusha vumbi, na udongo mbichi unanasa vumbi kama gundi, kwa hiyo nikafunga madirisha nikisema nitayafungua nikianza kuoka. Mwenye duka la zawadi alikuwa anakuja saa kumi kuchukua viota sita, na cha sita kilikuwa hakijaingia motoni. Kwa haraka nikazungusha kitufe cha oveni mpaka mwisho, nikajiambia nitakirudisha kwenye digrii mia na thelathini, nikaingiza kiota, simu ikaita chumbani, alikuwa ni mwenye duka, nikakaa kitandani namwelekeza njia, naye ni mtu wa maneno mengi. Sijui zilipita dakika ngapi, Shangazi. Najua tu kwamba nilianza kusikia harufu, kali, ya kuwasha koo, na nilipofungua mlango ukumbi wote ulikuwa moshi.

Nikazima oveni, nikafungua kila dirisha, machozi yananitoka, ndipo nikakumbuka tundu. Alikuwa chini, mdomo wazi. Nikamkimbiza uani, nikarudi kuchukua kikombe chake cha maji, kimejaa tele, mzee alikijaza asubuhi kama kawaida yake, nikamnyunyizia kichwani, nikamdondoshea mdomoni, maji yote yakaishia mchangani na yeye amelala kwenye kiganja changu, bado ana joto lakini hapumui.

Sasa sikia nilichofanya. Nilimrudisha ndani ya tundu, nikarudisha na kikombe, kitupu. Naapa sikukusudia lolote kwa kile kikombe, nilikuwa natetemeka na nilitaka tu kila kitu kiwe mahali pake. Kiota kilichoungua nikakifunga kwenye gazeti nikakitupa. Mwenye duka nikampa vitano. Mzee aliporudi saa kumi na mbili kasoro kutoka kununua springi za saa, harufu ilikuwa imeisha, akapiga mluzi wake mlangoni, kimya, akapiga tena, kimya.

Nilikuwa jikoni nakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Nikamsikia anasema taratibu, "Sikumwekea maji." Kisha akaniita, "Mwanangu, njoo uone. Kikombe kikavu. Nimemuua kwa kiu." Nikafungua mdomo niseme, na kilichotoka ni, "Pole, Baba."

Lazima nikueleze kwamba mzee amekuwa akisahau vitu vidogo vidogo, miwani anaiacha bafuni, mara moja aliacha bomba linatiririka, mambo ambayo hata mimi nayafanya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni muuguzi na hapendi mzaha, na alikuwa akiyahesabu hayo moja baada ya jingine. Aliposikia habari ya kikombe akasema, "Basi. Leo ndege, kesho ataacha gesi wazi. Baba hawezi kuendelea kukaa hivi." Wamepanga kikao Jumapili hiyo ya mwisho wa mwezi. Mzee ahamie kwa wifi, meza ya kazi ifungwe, saa za watu zirudishwe. Mume wangu amekubali shingo upande, na mzee hakubisha hata kidogo.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kwamba hakubisha. Juzi alikuja mteja wake wa miaka mingi, mzee akamrudishia saa bila hata kuifungua, akamwambia, "Mtafute mwingine. Hii mikono siku hizi haina mwenyewe." Anabandika vikaratasi kila mahali kwa mwandiko wake ule mdogo, BOMBA, TAA, MLANGO. Anafunga bomba lililofungwa. Jana ametoka mezani, akageuka, akaniuliza, "Mwanangu, nimekula?" Sahani yake nilikuwa nimeishika mkononi. Shangazi, uongo wangu unageuka kweli mbele ya macho yangu, na kila siku unazidi.

Nikisema, mume wangu atajua nilivunja masharti yote mawili, na wifi atasema kama nimeweza kumficha baba yao jambo kama hili nimeficha mangapi mengine, na wanaweza kuniambia nirudi kwetu. Nimefikiria ninunue chiriku mwingine wa manjano nimtie tunduni. Nimefikiria pia ninyamaze tu, kwa sababu huko kwa wifi si atatunzwa? Naogopa kusema na naogopa kunyamaza, na koo bado linaniwasha. Nifanye nini?

Ni mimi, mkwe asiye na mdomo.

*

Mkwe,

Mdomo unao. Umeniandikia kurasa nne, zimebanana kama dagaa, na hakuna ulichosahau.

Pole. Ichukue hiyo pole vizuri, maana baada yake sina nyingine. Kifo cha ndege ni ajali. Ulikuwa na haraka, ulifunga madirisha, ulishika simu ya mtu mwenye maneno mengi. Ni uzembe, na watu waungwana wanauombea radhi. Hata kikombe nakusamehe, kwa sababu mikono inayotetemeka haina mpango. Ninachokataa kukusamehe ni ile "Pole, Baba" na kila siku iliyofuata. Jumanne ulimuua ndege bila kukusudia. Tangu Jumatano unamfanyia binadamu jambo huku unajua.

Tuanze na chiriku wa kununua. Mtu anayeweza kusikia kwa sikio tu kwamba saa inachelewa, unadhani hatasikia mluzi wa ndege mgeni? Atasema, "Huyu siye." Na nyinyi nyote mtatazamana, mseme maskini, sasa hata ndege wake hamtambui. Huo si msaada, huo ni msumari wa pili.

Halafu unaniuliza kama kwa wifi hatatunzwa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Huulizi habari za matunzo, unatafuta mtu wa kukuruhusu ukae kimya. Mimi si mtu huyo. Sijui kama mzee wako anasahau kwa umri, kwa ugonjwa au kwa upweke. Daktari ndiye wa kusema, na apelekwe akapimwe, sawa kabisa. Ila aende na habari za kweli. Miwani bafuni ni yake. Bomba ni lake. Kikombe si chake.

Nakuambia wazi, barua yako imenitisha. Mtu akiambiwa kila siku kwamba akili yake imekwisha, na anaowaamini wote wanatikisa kichwa, ipo siku atakubali moja kwa moja, na siku hiyo hata ukipiga magoti kumweleza ukweli atadhani unamfariji. Ameshaanza kukuuliza kama amekula. Kwa hiyo sahau habari ya Jumapili. Ni leo.

Na ni leo kwa sababu nyingine. Gazeti hili linasomwa na wauguzi pia, na barua yenye fundi saa, chiriku na kiota cha udongo haiwezi kujificha. Ulilijua hilo ulipoiandika. Nadhani kuna sehemu yako ilichoka ikataka ijulikane, na hiyo ndiyo sehemu ninayozungumza nayo. Usikubali wifi yako akutangulie.

Mwambie mzee kwanza, si mume wako. Aliyenyang'anywa ni mzee. Mwendee mezani kwake, kaeni wawili tu, na usianze kwa kulia. Nakujua, utaanza kulia, naye kwa wema wake atakubembeleza, atakutengenezea chai, utarudi jikoni hujasema kitu. Lia baadaye. Mume wako mwambie baada ya hapo, siku hiyo hiyo, pamoja na masharti uliyovunja, bila kumtupia lawama mwenye duka wala upepo. Jumapili uwe wa kwanza kusema kwenye kikao. Wifi atafoka. Mwache afoke, na yeye anampenda baba yake na ana hofu kama wewe. Wakikununia, vumilia kununiwa. Wakikutuma kwenu kwa muda, nenda, lakini uende ukiwa umeshasema.

Mzee naye anaweza kukasirika. Anaweza kupita mbele yako wiki nzima bila salamu. Ni haki yake. Usimsukume akusamehe kabla ya chakula cha jioni ili wewe upate kumeza tonge.

Oveni ya jikoni usiiguse tena kwa udongo wako. Tafuta ndogo ya peke yake, iweke nje penye hewa, iwe na kipimajoto, na ukioka usiondoke hata akipiga simu nani. Koo likiendelea kuwasha nenda zahanati na uwaeleze ulivuta moshi wa nini, usije ukawadanganya na wao.

Sasa inuka. Ukifika mbele ya meza ulimi utakwama, najua, kwa hiyo usitafute maneno mazuri. Sema haya: "Baba, maji uliweka. Kikombe kilikuwa kimejaa. Niliyamwaga mimi." Anza na hayo, kabla ya moshi, kabla ya udongo, kabla ya kujitetea, kisha nyamaza umwache ayasikie. Atamlilia ndege wake baadaye. Kwanza mrudishie akili yake.