Baraka ya Shangazi

Kabambare, Jumapili

Mudogo wangu Nadine,

Tunakusalimu wewe, bwana yako na mutoto. Huku mvua iko nyingi, mpunga umelala shambani. Radi ilipiga mnara wa simu, kwa hiyo Nestor, kijana wa jirani, atapeleka barua hii Kasongo kwa pikipiki, aipige picha na kukutumia.

Najua Mama ameshafika kwako. Kipimo chake cha korona kule Kinshasa kilikuwa kizuri. Bila ile karatasi wasingemupandisha ndege ya Ulaya. Lakini asubuhi ya safari, majibu yakiwa yameshatoka, Shangazi Marie-Jeanne, aliyetusindikiza, alisema mutu wa kwetu havuki bahari bila baraka. Akajaza maji kinywani, akamupulizia Mama usoni, vile wazee wanafanya. Mama aliyapokea akicheka, midomo wazi.

Shangazi alikuwa anakohoa kidogo. Alisema ni vumbi la Kinshasa.

Tulipofika nyumbani alilala, na hakuinuka tena. Juzi tumemuzika. Muganga wa hospitali alikataza tusimuoshe. Mama hajui bado, usimuambie kwanza.

Mutoto wangu Glody amepita mtihani, anakusalimu.

Nadine, Mama aliniaga uwanja wa ndege kwa maneno haya: "Baraka hii sitaipangusa. Nitamupulizia mujukuu wangu siku ileile nitakayofika."

Nestor amewasha pikipiki. Mama asimushike mutoto. Na kama ameshamubariki, uniambie mutoto anapumua namna gani.

Ni mimi dada yako,
Marcelline