Viatu vya Bwana Hamano

Jumanne, 1 Agosti 1961

Anselm karudi kazini uso unang'aa kama aliyepakwa samli. Tunakwenda Osaka! Si yeye peke yake, sisi sote, na watoto. Kampuni ya huko inayonunua nta kwenye chama chao cha warina asali inataka akajifunze kusafisha nta. Miezi mitatu. Treni Jumatatu ya tarehe kumi na nne, halafu meli.

Nikamwuliza, Osaka ndiyo wapi? Japani, akasema, huku anafungua vifungo vya shati. Hivyo hivyo tu. Kama mtu anayesema Urambo.

Japani! Kaka yangu Alois aliuawa na Wajapani kule Burma, vitani, na mume wangu anajua. Amenioa nikiwa bado namlilia. Leo anafungua vifungo.

Sikupika. Wamekula muhogo wa jana, na hakuna aliyethubutu kulalamika.


Alhamisi, 3 Agosti

Sasa nyumba hii ni shule. Mwalimu ni Bwana Hamano, mtu wa kampuni, Mjapani anayekaa Dar na kuja Tabora kununua nta. Simjui, sitaki kumjua. Lakini kila alisemalo Anselm analibeba mpaka mezani pangu.

Osaka huingii nyumba ya mtu na viatu. Unavivua mlangoni, unavigeuza vitazame nje. Kitu unapokea kwa mikono miwili. (Kwani sisi tunapokea kwa miguu? Mama alinichapa kwa ajili ya hilo kabla sijaota meno ya pili.) Zawadi usiifungue mbele ya aliyekupa. Usipenge kamasi mbele za watu. Beba makoti, Oktoba baridi inaanza. Kuoga — hapo nilicheka kwa hasira — unajisugua kwanza nje ya maji, ukishatakata ndipo unaingia kwenye hodhi la maji ya moto, pamoja na wanawake wa mtaa mzima, uchi! Mimi, mke wa mtu, nikavue nguo mbele ya mama za watu? Akasema, utazoea. Nikamwambia azoee yeye.

Kaleta na vijiti vya kulia. Binti yangu Apolinaria ameshajua kuokota maharage, moja moja. Mwanangu Anton anamchoma navyo paka.

Sharti kubwa kuliko yote, kasema Anselm kwa sauti ya padri: usisimamishe vijiti kwenye wali. Ule ni wali wa maiti. Huko humwekea marehemu bakuli, vijiti vimesimama katikati. Ukimfanyia mtu hai umemwita mfu.

Hilo nimelishika vizuri. Mengine yote yamepita.


Jumapili, 6 Agosti

Tumemzika mzee Masolwa. Watani wetu Wagogo walikuja wengi, tena kwa fujo. Walibeba sufuria zima la wali. Mmoja akajitupa kaburini akalala chali, eti hatoki, mzee huyu alikuwa bahili na nyie watoto wake ni mabahili, leteni kuku! Matusi ya kila namna. Wafiwa wanalia, wanacheka. Alipopewa kuku ndipo akatoka, na ndipo mzee akateremshwa.

Anselm alisimama mbali anatazama kofia yake. Kakulia misheni, aliambiwa hayo ni upagani, hajui hata nani adai nini. Mimi nilifundishwa na bibi. Babu zetu walipokuwa wapagazi wa njia ya pwani, Wagogo waliwazuia visimani, wakawadai hongo ya kupita, wakauana sana. Vita vilipochosha wakawa watani. Waliotuua ndio wanaotuzika. Na mtani asiposhuka kaburini na kulipwa, mazishi hayajakaa sawa.

Alois hakushukiwa na mtu. Boma walisoma jina lake kwenye karatasi tu, na padri akasoma misa. Mama alikaa nje ya kanisa. Alisema karatasi haizikwi.

Swaumu jirani kanikamata njiani. Eti nimletee kanga za Japani, za huko ni rahisi. Kisha akakamata pindo la kanga niliyovaa, akanisomea: imetoka huko huko! Nilifika nyumbani nikaivua. Sasa ni ya kudekia.


Jumanne, 8 Agosti

Nimetoka Usoke, kwa Mama. Sikupenda kwenda, lakini kwetu hakuna aendaye safari ndefu bila mama kumpaka lwanga, unga wa uwele uliokorogwa kwa maji, hapa kwenye paji la uso. Toka enzi za wapagazi. Asiyepakwa haondoki, na akiondoka asitegemee kurudi.

Nilipiga magoti. Shikamoo Mama. Marahaba. Nikamweleza. Hakuinua macho, alikuwa anachambua karanga. Akasema: unga wangu nilimpaka Alois, nikamwambia nenda mwanangu urudi. Unga ukamdanganya. Kwa hao hao nikupake wewe tena? Hapana.

Nyuma yake lile lindo, kasha la gome la mti la kutilia asali. Ndani mna shati la Alois na kofia yake ya shule. Miaka yote hajalifungua, na halimwachi.

Nilitakiwa nifurahi. Si ndilo nililotaka, nikatazwe? Lakini nimelia kwenye treni mpaka Tabora, mbele ya watu, kwa hasira. Sijui hasira ya nani.


Jumatano, 9 Agosti

Nimemwambia Anselm siendi. Kajibu taratibu, na utaratibu wake ndio unaoniua: basi baki. Watoto nitakwenda nao, dada yangu Marcelina atatusindikiza. Nafasi zimeshalipiwa.

Marcelina! Asiyejua kufunga kamba za viatu vyake! Apolinaria wangu apelekwe kwa watu wale, apotee, augue, na mimi nimekaa Tabora nafuta vumbi?

Niende bila unga nikafe, au nibaki nipokonywe watoto. Hayo ndiyo mashauri ya mume wangu.

Jioni kaja na hila nyingine. Bwana Hamano atakula hapa Jumamosi mchana, na Mama aje. Akimwona atajua ni mtu kama watu. Nikasema, akimwona atampiga. Akasema, Mama ni mtu mzima. Hamjui mama mkwe wake hata kidogo, miaka yote hii anamwinamishia kichwa tu.


Ijumaa, 11 Agosti

Mama kaja na treni ya asubuhi. Lindo kichwani, jembe mkononi. Jembe la Alois! Nikauliza la nini, akasema kwani Tabora hamlimi?

Anapika Marcelina, maana mimi nimekataa. Baadaye nikaona anavyouharibu mchele, nikamfukuza jikoni. Kesho nitapika mwenyewe. Nina yangu moyoni.


Jumamosi, 12 Agosti

Naandika jikoni, nimesimama. Niliambiwa nichukue unga nirudi haraka. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Bwana Hamano alifika mchana. Mtu mfupi, miwani, shati limelowa jasho mgongoni. Alivua viatu mlangoni, akavigeuza vitazame nje. Anselm akawaambia watoto, mnaona? Mgeni akampa Mama kitu kilichofungwa kwa karatasi, kwa mikono miwili, kainama. Mama akakipokea kwa mikono miwili, asikifungue. Nilichukia. Kana kwamba walikuwa wamefundishwa na mwalimu mmoja.

Nikapakua. Wali wa Bwana Hamano nikauweka kwenye bakuli la peke yake, nikaurundika vizuri, nikachukua vijiti vya Apolinaria nikavichomeka katikati. Vikasimama wima. Nikamwekea mbele yake, nikamtazama usoni.

Nilitaka aone. Nilitaka ajue kwamba nimejua.

Anselm aliruka mpaka kiti kikaanguka. Flavia! Una wazimu? Samahani Bwana, samahani sana, hajui. Nikasema najua. Mama akauliza kuna nini na hivyo vijiti. Nikamjibu mimi: kwao ni wali wa marehemu.

Mama akamwuliza Mjapani mwenyewe: kumbe nanyi mnawalisha wafu wenu? Ndiyo mama, akasema. Kiswahili chake ni cha kununua nta, lakini hilo alilijua. Mama akalivuta lile bakuli toka mbele yake akaliweka juu ya lindo. Akasema, basi huu ni wa Alois.

Yule bwana hakukasirika. Laiti angekasirika! Aliunganisha mikono, akainamia lindo kwa muda mrefu.

Mama akainuka. Akaenda mlangoni, akachukua viatu vya Mjapani, akarudi navyo, akavikalia.

Anselm akaanza, Mama jamani, mgeni huyu. Mama akamwambia, mkwe wangu, kaa. Hajawahi kumsemesha hivyo. Akakaa.

Akamwuliza Hamano polepole, kama anavyosema na mtoto: ulikuwa Burma? Hapana mama. Kifua kilikuwa kibovu, walinikataa. Nilikaa Osaka. Ulifanya nini? Akasema: nilishona viatu vya askari.

Mama akavitoa vile viatu chini yake, akavitazama soli. Akasema, kumbe hukwenda, ulipeleka miguu yao. Yule bwana akasema ndiyo.

Ndipo Mama akamwambia habari za Wagogo. Kwamba walituua njiani, na leo ndio wanaotuzika. Aliyekuulia mtu ama ni adui mpaka Kiyama, ama anashika jembe anakuzikia. Hakuna wa katikati, na anayekuja na zawadi mkononi anataka kuwa wa katikati. Akasukuma jembe kwa mguu likafika mbele yake. Chagua.

Hamano alimtazama Anselm, na Anselm alitazama sakafu. Yule bwana akainuka na soksi zake, akabeba jembe, akatoka uani.

Kachimba karibu na mpapai. Hajui kulima! Analishika jembe kama ufagio. Miwani ilidondoka mara mbili, Anton akamwokotea. Lakini kachimba, jua likashuka, mpaka shimo likamfika kifuani, soksi zimekuwa udongo mtupu. Mama kakaa ukingoni juu ya viatu, lindo mapajani. Kalifungua. Shati lina madoa ya kutu kwenye vifungo. Nilidhani ni shati kubwa. Ni la mvulana tu.

Kisha akasema bila kugeuka: Flavia, lete unga.

Unga! Wa kumpaka nani, hakusema. Nimeukorogea kwenye kibuyu, uko mkononi mwangu wa kushoto. Kumbe nautaka. Nimeutaka tangu Usoke, na namchukia kila mtu aliyenifanya niutake.

Lakini ona balaa. Dirishani namwona yule bwana. Kamaliza, kafuta miwani, anatazama pa kutokea. Akitoka bure, bila kudai, bila kulipwa, hapa hapajazikwa mtu. Ni shimo la takataka. Anatakiwa alale chini, atutukane, aseme sisi ni mabahili, adai kuku! Nani atamwambia? Mama hawezi, mama wa marehemu hataji malipo ya mtani. Anselm hajui. Kashika kichwa anawaza meli.

Mama kageuka. Ananitazama mimi.

Mimi! Mimi ndiye wa kumpa Mjapani mashauri!

Yule bwana kaweka goti ukingoni, anatoka, naacha kalamu —