Hiki Sikitii Saini

Jumatatu, 5 Mei

Nimefuta rafu tena. Kinyesi cha panya, mkojo wa popo. Chumba hiki kilikuwa stoo ya mahindi ya uji. Sasa kinaitwa maktaba kwa sababu mtu ameandika MAKTABA mlangoni kwa chaki.

Boksi la msaada nimelifungua leo. Vitabu vya watoto wanaoteleza kwenye theluji. Kimoja cha kutunza farasi. Vingine vimeota ukungu, kurasa zimegandana hazifunguki. Nimenawa mikono mara mbili na harufu bado ipo. Mwalimu Mkuu anasema tushukuru, ni vya bure. Sishukuru. Mtu kasafisha nyumba yake, takataka kazileta kwangu.

Amenipa na barua. Keshokutwa niende Mikumi. Walimu watano tuchague vitabu vya hadithi kwa shule za msingi za upande wetu huu wa Kilosa. Miaka kumi na minne nafundisha darasa la tatu, na hii ni mara ya kwanza kuulizwa watoto wasome nini. Hilo limenifurahisha.

Jumatano, 7 Mei, Mikumi

Ukumbi wa nyumba ya wageni, kando ya barabara kuu. Lori likipita, meza inatetemeka. Mwenyekiti ni Mzee Lameki, mkaguzi wa shule mstaafu. Mwenye vitabu, yule anayeviuza kwa shule, naye kakaa humohumo ukumbini, shati jeupe, anagawa soda na mifuko yenye jina la kampuni yake.

Fomu ina visanduku vya kuweka tiki. Jalada imara. Picha za rangi. Idadi ya kurasa. Hakuna kinachouliza kama hadithi ni nzuri.

Wenzangu wanaweka tiki bila kufungua. Mimi nimefungua. Sungura kaandikwa "sungula", ukurasa unaofuata "suungura". Mama ana vidole sita mkono mmoja. Kwenye kitabu kingine pundamilia ana miguu mitano. Nikamwonyesha mwenye vitabu. Akasema siku hizi picha zinatengenezwa na kompyuta, ni haraka, na mtoto haoni. Mtoto wa Mikumi, anayepishana na pundamilia barabarani, haoni.

Mchana pilau, kalipa yeye. Nimekula. Nimejichukia.

Alhamisi, 8 Mei, Mikumi

Kuna kitabu kimoja humu. Mfugaji anaitwa Kichwamaji. Ananuka mpaka nzi wanamkimbia. Hajui kuhesabu ng'ombe wake. Anawaingiza kwenye mahindi ya watu, wanakijiji wanamfukuza kwa majembe na marungu, anaangukia kwenye tope, kijiji kizima kinapiga makofi. Mwisho. Chini kuna swali la zoezi: "Kwa nini wanakijiji walifurahi?"

Mzee Lameki alisoma kipande kwa sauti. Tukacheka. Nami nilicheka. Niandike hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika: nilicheka.

Kaka yangu Saidi ana shamba Rudewa. Mwaka juzi ng'ombe waliingia, wakamaliza mahindi yote. Nililiona lile shamba asubuhi yake. Nadhani ndiyo maana kicheko kilitoka haraka.

Kisha nikamkumbuka Nasieku wa darasani kwangu. Baba yake ni mfugaji. Hakuna anayemzidi kusoma. 

Ijumaa, 9 Mei

Nimekataa kutia saini. Fomu inataka saini tano.

"Mwalimu Rehema, hiki ni kitabu cha hadithi tu," alisema Mzee Lameki.

"Ndiyo, mzee. Darasani kwangu atakisoma nani?"

"Watakisoma wote."

"Na mtoto wa mfugaji?"

Alinisogezea fomu tena. Mwenye vitabu akasema vijijini watu wanakipenda, yanayosemwa ni ya kweli.

Mwalimu Mathayo, anayefundisha kule Berega, alinifuata nje na kuniambia niko sahihi kabisa. Aliporudi ndani akatia saini. Afadhali angekaa kimya.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumatano ya tarehe 21. Nimerudi na nakala ya kitabu hicho kwenye mkoba.

Jumatatu, 12 Mei

Habari imenitangulia. Mwalimu Mkuu anasema nimeiaibisha shule. Kama orodha itachelewa, shule zote zitakosa vitabu, na kosa litakuwa langu.

Jioni alikuja Saidi. Akauliza kama ni kweli nawatetea wafugaji. Nikampa kitabu. Alicheka toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akakifunga. Akasema yeye alitaka mahindi yake tu, hakutaka mtu apigwe marungu. Halafu akabadilisha mazungumzo, akaulizia chai.

Jumanne, 13 Mei

Uzembe wangu. Mkoba niliuacha wazi maktaba. Nasieku hubaki kunisaidia kupanga rafu. Nimemkuta amekaa sakafuni, yuko ukurasa wa mwisho.

Nilitaka kumnyang'anya. Nikachelewa.

"Mwalimu, hiki ni cha darasa la ngapi?"

Nikasema hakijawa cha darasa lolote. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akanionyesha picha. Maandishi yanasema ng'ombe kumi na watatu. Wamechorwa ng'ombe kumi na wanne. Amewahesabu. Akaniuliza kama aliyeandika ni mwalimu. Nikakirudisha kitabu mkobani.

Alhamisi, 15 Mei

Nasieku hakuja jana. Leo pia hajaja. Wenzake wanasema hawajui. Nimefundisha vibaya. Nimemfokea mtoto aliyeangusha penseli.

Ijumaa, 16 Mei

Baba yake Nasieku amekuja. Mtu mzima, mrefu, shuka limekunjwa vizuri begani, fimbo kaiacha nje ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema mtoto amekataa kuja shule na hataki kusema sababu, ametaja kitabu tu. Yeye hajui kusoma. Akaomba nimsomee.

Nilisema si kitabu cha shule. Akasema sawa, nimsomee hivyohivyo.

Nikasoma. Chote. Nzi, kuhesabu, marungu, tope, makofi. Na lile swali la zoezi nikalisoma.  Sijawahi kuona aibu namna hii mbele ya mtu. Yeye alikuwa anaangalia dirishani tu.

Nilipomaliza alinigeukia.

"Nilimleta hapa ajue kusoma," alisema. "Sasa anajua."

Nikamwambia sitatia saini. Akauliza saini yangu ina nguvu kiasi gani. Nikasema sijui. Akashukuru kwa kumwambia kweli. Akachukua fimbo yake, akaondoka.

Jumatatu, 19 Mei

Nasieku amerudi. Kakaa mahali pake. Hakunyoosha mkono kujibu hata mara moja.

Jumatano, 21 Mei, Mikumi

Sikubishana. Nilimwomba Mzee Lameki atusomee kile kitabu chote kwa sauti, kama anasomea darasa, na awaze kwamba kwenye dawati la mbele amekaa mtoto wa mfugaji. Mwenye vitabu akacheka kidogo. Mzee hakucheka. Akavaa miwani.

Anasoma vizuri mno. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mkaguzi, na ilionekana. Hilo likafanya maneno yawe mabaya zaidi. Kufika ukurasa wa tisa, pa marungu, sauti ikapungua. Akaishia hapo, akavua miwani. Nje lori linabadilisha gia.

"Nimesimamia madarasa miaka yangu yote," alisema. "Hiki siwezi kukisimamia."

Akakikata kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. Kile cha sungula nacho kikakatwa.

Pundamilia wa miguu mitano amepita. Wanne kwa mmoja. Nilikuwa nimechoka, nikatia saini. Mwenye vitabu alinipa mkono wakati wa kuondoka, mkono laini, wa baridi. Nimejifuta kwenye kanga.

Jumatatu, 26 Mei

Barua fupi. Mwaka ujao kamati itakuwa na watu wapya. Mimi simo. Mwalimu Mathayo yumo. Mwalimu Mkuu kaisoma mbele ya wenzangu wote kisha akaikunja polepole. Nimeendelea kusahihisha madaftari. Inauma, na inanikera kwamba inauma.

Ijumaa, 30 Mei

Nakala za kwanza zimefika shuleni. Tatu ni nzuri. Moja ni ya bibi anayetengeneza redio, na jirani zake wanaomletea vitu visivyo redio. Pasi. Saa. Jino la bandia.

Nimeisoma kipindi cha mwisho. Darasa lilianza na kelele, kisha zikapungua, kisha zikaisha. Kwenye jino Nasieku alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena.

Kengele ikalia. Madarasa mengine yakatoka. Hakuna aliyeinuka.

Nikafungua ukurasa unaofuata.